XO Iliyoniumbua Lushoto

Wajanja wenzangu wa mjini, leo nawapa kisa kilichonikuta mwenyewe. Msinicheke.

Nilikuwa nakwenda Lushoto kujitambulisha kwa wazee wa mchumba wangu. Bibie akanitonya kwamba mjomba wake, mzee aliyekula ubaharia miaka mingi kabla ya kurudi milimani, bia haimbabaishi. "Mpelekee konyaki iliyokaa," akasema. Nikaingia duka moja hapa Dar, nikaona chupa imeandikwa XO kwa dhahabu, bei nusu ya zile za jirani yake. Nikajiona mtoto wa mjini kweli kweli. Nikalipa, nikatia begini, huyoo!

Kutoka Mombo gari linapanda kona juu ya kona hadi Soni, baridi inakung'ata masikio. Njia nzima nimelikumbatia begi kama kichanga.

"Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu." Akaipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani, akaanza kusoma. Sebule nzima kimya. Kisha akanionyesha maandishi madogo ya nyuma: pombe kali yenye ladha ya brandi, imeongezwa rangi. Neno Cognac halipo. Jasho likanitoka na baridi yote ile. Mchumba akainamisha kichwa.

"Kijana anayesoma herufi kubwa tu," mzee akasema, "binti yetu atamsomaje?"

Mashangazi wakaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Bahati yangu, mzee hakunifukuza. Alinipa darasa. Konyaki halisi inatoka eneo la Cognac, Ufaransa, inatokana na zabibu, na lazima ilale kwenye pipa la mwaloni. VS ni angalau miaka 2, VSOP miaka 4, na XO ni miaka 10 tangu mwaka 2018. Wiski ya Scotland nayo hailiwahi jina hilo kabla ya miaka 3 pipani, na ikiandikwa 12, huo ni umri wa ile changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Umri unahesabiwa kwenye pipa. Ukishatia chupani, hata uifiche kabatini miaka 20, ni ile ile. Na Konyagi yetu? "Hiyo imeazima jina tu," akacheka. "Nyeupe kama maji, pipa imelisikia kwa jirani."

Akaniuliza kama niliuona mkonge kule chini tulikopita. Kumbe ule ni ndugu wa mmea wa tekila! Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, ikapona miche 62 tu. Kwao Meksiko ndugu yake wa buluu anapikwa moyo wake, ndiyo tekila. Mezcal mara nyingi moyo huo unaokwa kwenye shimo, ndiyo maana inanuka moshi. Ukinunua tekila tafuta maneno "100% agave", la sivyo hadi karibu nusu yaweza kuwa sukari nyingine. Reposado imelala angalau miezi 2, añejo mwaka na zaidi.

"Sasa sisi mbona hatukupika?" nikauliza.

"Sisi tulisokota kamba," akajibu.

Posa ikaahirishwa. Nikaambiwa nirudi mwezi unaofuata.

Safari ya pili nilikwenda na chupa ndogo ya wiski ya miaka 12. Niliisoma mbele na nyuma, nikakagua kizibo, nikasoma tena ndani ya basi mpaka abiria wa jirani akaniuliza kama ni barua ya mahakama. Mzee akavaa miwani. Akasoma weee! Halafu akainuka, akaifungia kabatini bila kuonja.

"Tutaifungua siku ya harusi," akasema. "Yenyewe haitazeeka humo. Wewe ndiye usichelewe."

Mahari imeshatajwa, wandugu. Mwenye kujua duka la miwani ya bei nafuu aniambie, maana bado kuna shangazi wawili sijawapelekea zawadi.