Huruma Bila ya Ilimu

Msomaji mpenzi, nakusimulia kosa langu mwenyewe ili nawe usilirudie.

Nilitoka Tanga kwenda Mwanza kumtazama mkaza mwanangu, mja mzito wa miezi minne. Nilimkuta na wekundu usoni, umetanda puani na mashavuni kama kipepeo. Asubuhi viungo vyamuuma hata kufunga kanga ni kazi. Jirani mmoja akasema ni jini. Nami nilipoona anameza vidonge kila siku nikamwambia, "Mwanangu, dawa zitamdhuru mtoto." Kwa kunistahi, akaacha.

Wiki zikapita, miguu ikavimba. Kliniki, muuguzi akampima presha, akaupima mkojo, akaona una protini. Hakutugombeza. Aliniamkia, akanikalisha, akauliza, "Mama, dawa anameza?" Nikasema kweli.

Akanieleza kuwa maradhi haya yaitwa lupasi. Askari wa mwili, waliowekwa kupigana na vijidudu, huugeukia mwili wenyewe: ngozi, viungo, na hata figo. Katika wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa. Kidonge kile, haidroksiklorokwini, asili yake ni dawa ya malaria. Mja mzito hukimeza kwa salama, na kukiacha huweza kuyaamsha maradhi. Ziko dawa nyingine zisizofaa kwenye mimba, kama methotreksati. Lakini wa kuzibadilisha ni daktari, si mkwe.

Tukapelekwa Bugando, hospitali ya rufaa iliyo juu ya kilima tangu 1971, ziwa laonekana chini. Kila siku wauguzi walimpima presha na mkojo, wakausikiliza moyo wa mtoto. Kwani lupasi ya figo na kifafa cha mimba hufanana, vyote hupandisha presha na kutoa protini. Na mara nyingine lupasi ya mama huupunguzia mtoto mapigo ya moyo. Walimhimiza ajikinge na jua. Alipotaka kufunga Ramadhani, walimkumbusha ruhusa aliyopewa mgonjwa.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo, lakini mzima, Alhamdulillahi. Na mama waliendelea kumwangalia, kwani maradhi haya hupenda kurudi baada ya uzazi.

Ndugu yangu, mimi sikumchukia mkaza mwanangu. Nilimpenda, na mapenzi yangu yalikaribia kumuua. Ukimwona mja mzito na kidonge mkononi, usimkataze. Fuatana naye kliniki, ukaulize.

Wabillahi taufiq.