MWANGAZA MINGI SI KUONA



Mimi kapita wenu wa mwaka wa mwisho nataka kusema juu ya mikroskopi yetu moja ya labo. Wadogo zetu walisema imekufa: ukitazama ndani, unaona weupe tupu. Kukawa shauri ya kuifunga mu kabati. Ingefungwa, sisi wote wa Biologia-Kemia tungefika mu mtihani wa Serikali na selule ya kitabu tu.

Mwalimu alinipa ufunguo na juma moja. Nikakuta vioo vizima, visi zinazunguka vizuri. Kilichokosa ni matengenezo. Watu walikuwa wanageuza kioo cha chini kwa jua lenyewe (hatari, jua linaweza kuharibu jicho kabisa!), wanafungua tundu la mwanga lote, halafu wanaanza mara moja na objektifi ya 40.

Tukaanza upya. Ngozi nyembamba ya kitunguu, tone la maji na yodi, kioo kidogo juu, kukilaza polepole hewa isibaki ndani. Kioo cha chini tukakielekeza kwa mawingu meupe ya dirishani. Objektifi ya 4 kwanza: na kioo cha jicho cha 10, ni mara 40. Tukashusha bomba tukitazama kwa kando, kisha kulipandisha mpaka picha ikatoka. Ndipo objektifi ya 40, maana mara 400, na hapo tunagusa visi ndogo tu. Mwisho tukapunguza mwanga. Palepale kuta za selule zikaonekana kama matofali, na kiini mu selule kwa selule.

Mwalimu akatueleza kwamba hata mikroskopi za lazeri zinafwata njia hiyo. Lazeri inapita nukta kwa nukta, mstari kwa mstari. Tundu dogo sana linazuia mwanga unaotoka juu ao chini ya tabaka inayotazamwa. Ordinateri inaunga nukta zote kuwa picha. Wazo la tundu hilo Marvin Minsky wa Marekani aliliombea hati mu mwaka 1957, mbele ya lazeri ya kwanza ya 1960. Kule pia mtu anatafuta kitu chake kwanza na lampe ya kawaida na objektifi ndogo, kisha anafungua lazeri kidogo tu. Akizidisha nguvu, rangi iliyotiwa mu selule inafifia, na hairudi tena.

Basi wandugu, mbele ya kusema kitu kimekufa, tuulize kama tulikitengeneza vizuri. Kila siku ya tano nyuma ya masomo labo itakuwa wazi, watano watano, wadogo kwanza. Kila mtu aje na kalamu na karatasi ya kuchora. Anayesukuma wenzake atarudi mwisho wa mstari. Tusikubali mikroskopi iende mu kabati sababu ya haraka yetu.

Kapita wenu