Prof. Drucker na michoro yangu

Jana niliandika barua ya kuhama Kitivo cha Biashara. Si kwamba nafeli, ila nimechoka kuambiwa mchoraji kama mimi kapotea njia. Kabla sijaipeleka, usiku nikawa namsoma Peter Drucker, yule profesa tunayemkariri kila mtihani wa menejimenti. Kumbe mzee kazaliwa Vienna 1909, kafundisha New York, halafu Claremont, California kuanzia 1971, na darasani alisimama mpaka 2002, akiwa na miaka zaidi ya 90! Na jamani, alikuwa mgonjwa wa michoro ya Kijapani: aliikusanya miaka na miaka, hadi akaifundisha. Barua nimeichana. Kesho tuna testi ya uhasibu, na daftari langu limejaa michoro pembeni. Niombeeni.