Majani ni ya Mbuzi

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, lakini kwenye ziwa Kisale nilikuwa na neno moja tu: majani.

“Mjukuu, majani ni ya mbuzi,” kambo alisema, akisukuma mtumbwi. Haya ni mafunjo; mizizi yake imesukana hata ikawa kisiwa kinachoelea, na wavuvi hujenga juu yake. Yale ni matete. Lualaba ikifurika, samaki huingia humo kutaga, na ndege huwafuata. Kila kimoja alikitaja kwa Kiluba.

Niliandika majina 19. Baba, aliyekulia Lubumbashi, hajui hata moja. Usiku nilimsomea kambo. Manne nilikuwa nimeyakosea.

Asubuhi nilimwomba turudi. Daftari nililiacha nyumbani, nisikilize kwanza.