Kabla Ulipie Kung'aa, Lipia Vumbi

Wasee, tuongee ukweli kuhusu hizi sakafu za epoksi. Umeziona. Gereji ina sakafu ya kijivu inang'aa kama kioo, imenyunyiziwa vipande vyeupe na vyeusi, gari imepaki juu yake utadhani iko dukani inangoja mnunuzi. Video zake watu wanazipenda mbaya. Kitu huoni kwa hizo video ni sakafu hiyo hiyo miezi kadhaa baadaye, imebanduka pale matairi husimama, na mwenye gereji yuko kwa simu anamfokea fundi.

Mimi nimeona pande zote mbili. Tangu niache kampo mwaka wa pili, nashika kibarua kwa fundi wa sakafu na huku napiga video. Na msimamo wangu ni huu: sakafu nyingi zinazobanduka hazikuharibiwa na epoksi. Ziliharibiwa siku mteja alipoangalia kwotesheni akasema, "Hii pesa ya kusaga toa." Halafu ikibanduka, anayeumia kwanza ni kijana wa mkono ambaye hakuulizwa chochote.

Nieleze kidogo vile hii kitu inafanya kazi. Epoksi si rangi ya kawaida inayokauka maji yakiisha. Ni vitu viwili, resini na hadena, unachanganya kwa kipimo kile kimeandikwa kwa mkebe. Vikikutana vinaanza kushikana na kutoa joto. Ukiacha mchanganyiko mwingi ukae ndani ya ndoo, unaweza kuanza kutoa moshi. Ikishakauka vizuri ni ngumu sana. Lakini ugumu wake haukusaidii kama imeshikilia kitu dhaifu, na sakafu ya simiti huwa na kitu dhaifu pale juu kabisa. Fundi wa mjengo akisugua simiti mbichi na mwiko wa chuma mpaka iteleze, maji na saruji laini hupanda juu na kuacha ngozi nyembamba. Kwa macho ni safi. Kwa epoksi ni kama kubandika stika juu ya unga.

Ndiyo maana sakafu yako ikianza kubanduka, kabla umpigie mtu kelele, okota kipande kimoja ukigeuze uangalie chini yake. Kikiwa kimebeba unga wa kijivu, ile ngozi ya simiti ndiyo imeng'oka. Kikiwa kisafi na laini kama plastiki, epoksi haikupata mahali pa kushika. Kikiwa na mafuta, hiyo ni oili ya miaka iliyokuwa imeingia ndani ya simiti na hakuna aliyeitoa. Ukipata unyevu, au sakafu ilitoa malengelenge kabla ibanduke, maji yanapanda kutoka chini. Na kama ni koti ya juu tu imetoka ikaacha ile ya chini imeshika, basi walichelewa kupiga ya pili bila kuisugua na msasa, ama ya kwanza ilikauka kwa baridi na unyevu ikatoa utando kama nta, na hakuna aliyeuosha. Nairobi mwezi wa saba, hiyo ya mwisho si stori ya kushangaza.

Sasa niwape kesi moja. Kulikuwa na kazi Kitengela, gereji ndogo ya kutengeneza magari. Kwotesheni ya fundi ilikuwa na vitu vitatu: kusaga, kuziba nyufa, epoksi. Mteja akakata ya kwanza. "Sakafu yangu tayari ni laini, mnasaga nini? Pigeni asidi kidogo muendelee." Fundi alimweleza kuwa huo ulaini ndio shida. Mteja akasema kuna fundi mwingine ako tayari. Ilikuwa Januari, na fundi wangu ana watoto wawili sekondari. Nyinyi mnajua Januari. Akachukua kazi.

Siku ya kuweka epoksi ilikuwa tamu, siwezi danganya. Ile video ilipata watu kuliko kitu kingine chochote nimewahi weka. Wiki kumi baadaye, sehemu nne zimetoka, ukubwa wa sahani, pale pale matairi husimama. Hii ni kawaida: tairi ikitoka barabarani huwa moto, inalainisha epoksi kidogo na kuishikilia, na ikipoa inajikaza na kuvuta. Epoksi iliyoshika vizuri huvumilia. Iliyoshika unga huondoka na tairi.

Mteja akazuia balansi. Fundi alikuwa amechukua vifaa vingine kwa mkopo kwa hadiweya, kwa hivyo akalipa hilo deni kwanza. Sisi wa mkono tukapata nusu. Hakuna mtu kati yetu alikuwa kwa ile maongezi ya "toa kusaga", lakini sisi ndio tulilala na hiyo hesabu.

Fundi hakupiga kelele. Alienda, akageuza kipande, akakiweka kwa mkono wa mteja. "Bosi, pitisha kidole hapa. Hii si epoksi yangu. Hii ni simiti yako." Jamaa akapitisha kidole, kikatoka kijivu. Akanyamaza. Sidai alikuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwonyesha siku ya kusaga ikoje. Kila video aliyokuwa ameona ilianzia pale epoksi inamwagwa.

Marekebisho yalienda hivi, na unaweza kufuata ukiwa na shida kama hiyo. Kwanza unagonga sakafu yote na mpini wa bisibisi ukisikiliza. Palipo na sauti ya utupu, hata kama hapajabanduka, pamekufa. Ukipata utupu sehemu chache tu, unakwangua mpaka ufike mahali epoksi imekataa kutoka, unasaga hiyo sehemu na kingo zake ziteremke polepole, unafyonza vumbi, unajaza, kisha unapiga msasa na koti jipya juu ya yote ili kiraka kisionekane. Ukipata utupu kila mahali, wacha viraka. Saga yote uanze upya. Ya Kitengela ilikuwa kila mahali. Mteja alilipia mashine, alilipia epoksi mara ya pili, na gereji ikakaa bila magari zaidi ya wiki.

Kuzuia ni rahisi kuliko hapo. Simiti mpya iachwe angalau siku 28. Kisha bandika kipande cha karatasi ya nailoni sakafuni, kama nusu mita kila upande, ziba kingo zote na selotepu, uache usiku mzima mpaka kesho. Ukikuta matone chini yake, ama simiti imegeuka nyeusi, kuna maji, na usipige epoksi bado. Watu wa Kitengela, Syokimau na South C, mchanga wenu mweusi hushika maji, msiruke hii. Kama kuna oili, iondolewe kwa sabuni kali kabla ya kusaga, kwa sababu grainda peke yake itaisambaza. Baada ya kusaga, sakafu iguswe kama msasa, na ukimwaga maji kidogo yanywewe, yasikae kama matone juu ya jani la sukuma. Na ikishakauka, miguu baada ya siku moja, magari baada ya wiki. Najua unataka kupiga picha na gari. Ngoja.

Sasa turudi kwa pesa, kwa sababu hapo ndipo ninapotaka tusikizane. Kusaga ndiyo siku mbaya zaidi ya hii kazi. Vumbi la simiti lina silika, na silika ikiingia kwa mapafu makovu yake hayaponi. Nimeona vijana wa rika langu wanasaga kutwa wakiwa wamefunga leso mdomoni, kwa sababu pesa ya barakoa nzuri na mashine ya kufyonza vumbi ilikuwa kwenye ile laini iliyokatwa. Kwa hivyo ukikata kusaga, ama kazi haifanyiki na sakafu inatoka, ama inafanyika kimagendo na kijana anaivuta kwa mapafu. Hakuna njia ya tatu ambapo wewe umeokoa pesa.

Sisi wa video tuna kazi yetu hapo. Tangu Kitengela naanzia video siku ya kusaga, vumbi na kelele na yote. Watu hupita bila kuangalia, na namba zimeshuka. Ni sawa. Wiki iliyopita jamaa wa Ruiru alituma ujumbe kuuliza, kabla hata ya bei, "Mnasaga na mashine ama mnapiga asidi?" Fundi alipousoma alicheka, akaniambia, "Kijana, huyu mpe kwotesheni yote."

Kwa hivyo ukiwa unamtafutia mzee wako fundi wa gereji, ama wewe mwenyewe unafungua kaoshi, uliza maswali matatu: utapima unyevu vipi, utasaga na nini, na hao vijana watavaa nini wakisaga. Akija na ndoo na rola peke yake, mwambie arudi na grainda. Na ukiona laini ya kusaga kwa kwotesheni, ilipe.