Pikipiki Katika Theluji ya Bavaria

Katika misitu ya Bavaria, Ujerumani, wapanda pikipiki hukutana wakati wa baridi kali na kulala hemani juu ya theluji. Mkutano huo, uitwao Elefantentreffen, yaani Mkutano wa Tembo, ulianza mwaka 1956.

Adui wa pikipiki huko ni chumvi imwagwayo barabarani kuyeyusha barafu. Humwokoa mtu asiteleze, lakini huila pikipiki yake kwa kutu. Mwenye busara huiosha kwa maji baridi, kwa kuwa joto huharakisha kutu. Huikausha, kisha huupaka mnyororo mafuta. Betri huiweka penye joto, maana baridi huipunguza nguvu, na pikipiki ikizimika usiku njiani huhatarisha maisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.