Butiaba na Mwigizaji Aliyekunywa Maji

Msafiri atokaye Masindi huteremka ukingo wa Bonde la Ufa, na ghafula Ziwa Albert humtandalia mbele. Hapo ndipo Butiaba. Bandari yake ya zamani ilimezwa na maji ziwa lilipofurika katika miaka ya 1960.

Mwaka 1951 wapiga picha za sinema The African Queen walifika hapa wakitokea Kongo. Pamoja nao alikuwamo Bibi Katharine Hepburn, Mmarekani wa miaka 44, ambaye mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walimtangaza kuwa ni hasara kwao. Humphrey Bogart na mwongozaji John Huston walishinda kwa wiski, wala hawakuugua. Bibi Hepburn, binti wa daktari, alikunywa maji matupu ili kuwasuta, na ndiyo yaliyomwangusha kwa tumbo la kuhara! Katika onyesho la kanisani alipiga kinanda huku ndoo ya kutapikia ikiwa kando, mahali kamera isipoiona.

Tuzo ya Oscar alipewa Bogart. Bibi Hepburn, aliyekwisha kupata moja, aliongeza tatu kabla ya kufariki mwaka 2003. Mwaka 1987, akiwa bibi kizee, aliandika kitabu kizima juu ya safari ile, na maradhi yake hakuyaficha.